Die, dat na kitenzi kinachongoja mwisho: virejeshi vya Kiholanzi kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanamke anayeuza mboga sokoni, kwa Kiholanzi, ni *de vrouw die op de markt groente verkoopt*. Tukifuata mpangilio wa maneno yake, Mholanzi amesema "mwanamke ambaye sokoni mboga anauza". Yako mambo mawili ya kushika hapo: lile *die*, na kile kitenzi kilichosukumwa hadi mwisho. Karibu kila kitu kinachofuata katika mwongozo huu kinatokana na hayo mawili.

Namwandikia anayejiandaa kwa mtihani wa *inburgering* (mtihani wa wahamiaji wa kujiunga na jamii) Uholanzi, na pia ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliokaa Antwerpen au Gent, Ubelgiji, ambako Kiholanzi ndicho lugha ya shule na ofisi. Tangu sheria mpya ya inburgering ianze kutumika Uholanzi tarehe 1 Januari 2022, kiwango kinacholengwa katika njia kuu ni B1, si A2 tena (hizi ni ngazi za kupima ujuzi wa lugha, na B1 iko juu ya A2). Kwenye A2 unaweza kupita kwa sentensi fupi fupi. Kwenye B1 lazima ujue kuziunganisha, na kirejeshi, yaani neno kama *ambaye* letu, ndicho uzi wenyewe.

Vitabu vingi tunavyopewa darasani hueleza jambo hili kupitia Kiingereza, na naamini hilo linatuchelewesha. Kiingereza huuliza kwanza kama unamzungumzia mtu au kitu. Kiholanzi hakiulizi hivyo. Kinauliza nomino iko kundi gani, kama Kiswahili kinavyouliza ngeli kabla ya kukuruhusu kusema *ambaye, ambacho, ambayo* au *ambalo*. Wewe umefanya kazi hiyo tangu ulipoanza kusema. Sisi tuna orodha ndefu ya virejeshi, wao wana viwili tu vya kuanzia.

Hatua ya 1: Jua nomino ni ya *de* au ya *het*

Nomino za Kiholanzi ziko makundi mawili: zinazotanguliwa na *de* na zinazotanguliwa na *het*. Zile za *de* ni nyingi zaidi. Usijifunze neno *huis* peke yake, jifunze *het huis*. Usiseme *straat*, sema *de straat*. Neno lililokaririwa bila kibainishi chake litakugomea kila ukifika kwenye kirejeshi.

Ziko dalili za kusaidia. Neno lolote la udogishaji linaloishia na *-je* ni la *het*: *het kopje*, *het broodje*, na ndiyo maana msichana ni *het meisje*. Majina ya lugha ni ya *het*: *het Nederlands*, *het Swahili*. Maneno mengi ya silabi mbili yanayoanza na *be-, ge-, ver-* au *ont-* pia ni ya *het*: *het begin, het gesprek, het verhaal, het ontbijt*. Upande wa pili, maneno yanayoishia na *-ing, -heid* na *-teit* ni ya *de*: *de woning, de gezondheid, de universiteit*. Watu wengi ni wa *de*, lakini *het kind* na *het lid* (mwanachama) wamekaa nje ya kanuni, na inabidi kuwakariri tu.

Kwenye wingi kila kitu huwa cha *de*: *het huis, de huizen*.

Hatua ya 2: Chagua *die* au *dat*

Nomino ya *de* huchukua *die*. Nomino ya *het* katika umoja huchukua *dat*. Wingi wote huchukua *die*.

*de man die hier woont* – mwanamume anayeishi hapa
*het kind dat buiten speelt* – mtoto anayecheza nje
*de kinderen die buiten spelen* – watoto wanaocheza nje
*het boek dat ik lees* – kitabu ninachosoma
*de boeken die ik lees* – vitabu ninavyosoma

Ugumu huja pale nomino inapotanguliwa na *een*, kwa sababu *een* hukaa mbele ya makundi yote mawili na kuficha tofauti. Ni *een straat die*, lakini ni *een huis dat*. Kuna mlango wa nyuma wa kujikumbusha: kivumishi. Kama ungesema *een groot huis*, bila *-e* mwishoni mwa kivumishi, basi nomino ni ya *het* na kirejeshi ni *dat*. Kama ungesema *een grote straat*, kirejeshi ni *die*. Vionyeshi navyo hufuata mstari huohuo: *dat huis dat…*, *die straat die…*. Ukilijua kundi la nomino moja umemaliza maswali matatu kwa mpigo.

Usikiache kirejeshi. Anayekuja kwenye Kiholanzi akiwa amezoea Kiingereza huandika *het boek ik lees*, na hiyo ni kosa. Hata sisi hatusemi "kitabu nasoma" tukimaanisha "kitabu ninachosoma".

Kosa lingine ni letu wenyewe. Kwa Kiswahili husemwa "kitabu nilichokisoma", ambapo kitabu kinatajwa mara mbili ndani ya kitenzi: *-cho-* na *-ki-*. Ukiihamisha tabia hiyo utaandika *het boek dat ik het las*. Mholanzi atashangaa lile *het* la pili linafanya nini. Kwake *dat* imetosha: *het boek dat ik las*.

Hatua ya 3: Peleka kitenzi mwisho

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Sentensi ya kawaida ya Kiholanzi, yaani kishazi huru, huweka kitenzi kilichonyambuliwa kwenye nafasi ya pili: *De vrouw verkoopt groente op de markt*. Ukianza na neno jingine, kitenzi kinabaki palepale na mtenda ndiye anayehama: *Vandaag verkoopt de vrouw groente*. Kishazi tegemezi ni kinyume chake. Kirejeshi kikishaingia, mtenda hufuata (kama si kirejeshi chenyewe), kisha mambo mengine yote, halafu kitenzi kinafunga mlango.

Ili kuzoea, acha kwa muda ule urejeshi wetu wa ndani ya kitenzi, fikiri kwa *amba-*. Angalia tofauti: husema "kitabu anachosoma mtoto", na mtoto anakuja baada ya kitenzi. Lakini ukitumia *amba-* unasema "kitabu ambacho mtoto anasoma", na mtoto anakuja kabla. Kiholanzi kinafanana na hii ya pili: *het boek dat het kind leest*. Kwa hiyo kwanza geuza sentensi yako iwe ya *amba-*, kisha beba kitenzi ukitue mwisho. "Barua ambayo dada yangu alimwandikia daktari jana" inakuwa *de brief die mijn zus gisteren aan de dokter schreef*.

Utawasikia Waholanzi wakiweka kirai chenye kihusishi (neno kama *op*, *in* au *met*) baada ya kitenzi: *de vrouw die groente verkoopt op de markt*. Hilo linakubalika. Lakini yambwa, yaani kinachotendwa, kama *groente* hapa, haiwezi kuvuka. *De vrouw die verkoopt groente* ni kosa kila mahali. Anayeanza na ajizoeze kufunga kwa kitenzi daima. Uhuru mdogo huo utakuja wenyewe masikioni.

Ukanushaji hauna fumbo. Asiyekuja ni *die niet komt*. Asiye na gari ni *die geen auto heeft*. Kitenzi bado kiko mwisho.

Hapa pana faraja kwa wanaosumbuliwa na ile *-t* ya nafsi ya pili. Kwenye swali, *jij* ikija baada ya kitenzi, *-t* hudondoka: *Zoek jij een huis?* Kwenye kishazi rejeshi *jij* iko mbele ya kitenzi daima, kwa hiyo *-t* haidondoki kamwe: *het huis dat jij zoekt*. Na *vinden* huandikwa na *-dt*: *het huis dat jij mooi vindt*.

Kitenzi hukubaliana na mtenda wake, si na nomino iliyo karibu. *De kinderen die spelen*: watoto ndio wanaocheza, kitenzi ni cha wingi. *De kinderen die ik zie*: mtenda ni *ik*, kitenzi ni *zie*, hata kama watoto ni mia.

Hatua ya 4: Vitenzi vikiwa viwili au vitatu

Vyote huenda mwisho, vikapangana foleni. Ukiwa na kitenzi kisaidizi pamoja na kitenzi cha hali timilifu, una mipangilio miwili iliyo sahihi:

*de brief die ik gisteren heb geschreven*
*de brief die ik gisteren geschreven heb*

Wataalamu wa Kiholanzi huita mpangilio wa kwanza "mwekundu" na wa pili "wa kijani", kutokana na rangi zilizotumika kwenye ramani za lahaja. Ule mwekundu umeenea sana katika maandishi; ule wa kijani utausikia mno midomoni, hasa Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi. Mwalimu akikusahihisha kutoka huu kwenda ule, amekuonyesha anachopendelea yeye, hukukosea.

Kwa vitenzi kama *moeten, willen, kunnen* na *mogen*, weka kisaidizi kwanza: *de brief die ik moet schrijven*, barua ninayopaswa kuandika. Wakati uliopita timilifu una mtego: huwezi kusema *gemoeten* hapo. Vinakuwa vitenzi vya msingi mfululizo: *de brief die ik had moeten schrijven*, barua ambayo ilinipasa kuiandika (na sikuiandika). Ukariri mfano huo kama ulivyo, kwa sauti, mpaka ulimi uuzoee. Kanuni yake ukiifuatilia katikati ya mazungumzo utachelewa, bali mfano uliokaririwa hutoka wenyewe.

Hatua ya 5: Vitenzi vinavyotengana hurudiana

Vitenzi kama *invullen* (kujaza fomu), *ophalen* (kwenda kuchukua), *meenemen* (kwenda na kitu) na *opbellen* (kupiga simu) hugawanyika katika kishazi huru: *Ik vul het formulier in*. Kwenye kishazi rejeshi vipande viwili vinakutana tena mwisho na kuandikwa neno moja:

*het formulier dat ik invul*
*het formulier dat ik heb ingevuld*
*het formulier dat ik moet invullen*
*het formulier dat ik probeer in te vullen*

Angalia *-ge-* ilivyoingia katikati, *in-ge-vuld*, na *te* ilivyotenganisha vipande tena. Nimechagua fomu makusudi, maana katika maisha ya mgeni kitenzi hiki hakipiti wiki hakijatumika.

Hatua ya 6: Panapokuwa na kihusishi

Kiswahili humeza vihusishi ndani ya kitenzi, na ndiyo maana hatua hii hutupiga chenga. Tunasema "kalamu ninayoandikia", na ile *-i-* ya *andikia* imefanya kazi yote. Tunasema "kiti ninachokalia". Mholanzi lazima akitoe kihusishi nje, naye hakiweki pamoja na *die* wala *dat*. Kwa vitu hutumia *waar* na kukishikamanisha nacho:

*de pen waarmee ik schrijf*
*de stoel waarop ik zit*
*het huis waarin ik woon*

Kihusishi *met* hubadilika kuwa *mee*, na *tot* kuwa *toe*: *waarmee, waartoe*. Mtaani *waar* na kihusishi hutenganishwa sana: *de stoel waar ik op zit, het huis waar ik in woon*. Zote mbili ni Kiholanzi safi; ya kwanza inafaa zaidi kwenye barua rasmi.

Kwa watu tumia kihusishi na *wie*: *de vrouw met wie ik werk*, mwanamke ninayefanya kazi naye. Utasikia *de vrouw waarmee ik werk* kila siku, hata kwa wenye elimu kubwa. Kwenye mtihani andika *met wie*.

Ukitaja mahali tu, bila kihusishi, tumia *waar* peke yake: *de stad waar ik ben geboren*. Tuna *po, ko* na *mo*, na tunahisi tofauti ya "nyumbani alipo", "aliko" na "alimo". Kiholanzi kimezikusanya zote tatu ndani ya *waar*.

Sasa jambo linalowaangusha wengi zaidi hapa. Vitenzi kadhaa vya Kiholanzi vina kihusishi chao cha kudumu: *wachten op* (kungoja), *luisteren naar* (kusikiliza), *denken aan* (kumkumbuka au kufikiria), *houden van* (kupenda), *zorgen voor* (kutunza). Kwa Kiswahili "basi ninalolingoja" halina kihusishi chochote, kwa hiyo mtu huandika *de bus die ik wacht*. Inatakiwa *de bus waarop ik wacht*, au *waar ik op wacht*. Vivyo hivyo *de muziek waar ik naar luister*, na *de man van wie ik hou*. Katika daftari lako kila kitenzi cha namna hii kiandike pamoja na kihusishi chake, kama ulivyoandika nomino pamoja na *de* au *het*.

Umiliki ni mfupi. "Jirani ambaye gari lake limeibiwa" ni *de buurman van wie de auto gestolen is*, au kwa maandishi *de buurman wiens auto gestolen is*. Usiseme *de buurman die zijn auto gestolen is*. Hiyo ni tafsiri ya *ambaye… lake*, nayo Kiholanzi sanifu hakiikubali.

Hatua ya 7: *Wat*, na *dat* isiyo kirejeshi

*Wat* hutumika baada ya maneno yasiyotaja kitu mahususi: *alles wat ik weet* (yote ninayoyajua), *niets wat helpt* (hakuna kinachosaidia). Hutumika pia baada ya sifa ya juu kabisa iliyosimama bila nomino, *het mooiste wat ik ooit heb gezien*, na pale unaporejelea sentensi nzima: *Hij kwam te laat, wat niemand had verwacht*. Baada ya *iets* utakuta *iets dat* na *iets wat*, chagua upendayo. Utasikia pia *het boek wat ik lees*. Isikie, lakini andika *dat*.

Usichanganye *dat* hii na ile yenye maana ya "kwamba". *Ik denk dat de kinderen slapen*: nadhani kwamba watoto wamelala. Hapo *dat* haifuati nomino yoyote, wala haigeuki kuwa *die* kwa sababu ya *kinderen*. Jaribio ni jepesi: ukiweza kuitafsiri *kwamba*, iache kama ilivyo. Ikitafsirika *ambalo, ambacho* na wenzao, rudi Hatua ya 2. Kitenzi kwa vyovyote kinakwenda mwisho, kama kinavyofanya baada ya *omdat* (kwa sababu) na *als* (ikiwa).

Hatua ya 8: Kirudishe kishazi ndani ya sentensi nzima

*De man die naast ons woont, komt uit Goma.* Vitenzi viwili vimegongana: *woont* kinafunga kishazi rejeshi, *komt* kinaendeleza sentensi kuu. Hapo weka mkato, utamsaidia msomaji kuona mpaka. "Mwanamume anayeishi jirani yetu" yote ni nafasi ya kwanza, kwa hiyo *komt* bado kiko nafasi ya pili, hakuna kanuni iliyovunjwa.

Kishazi kirefu mara nyingi huachana na nomino yake na kukaa nyuma kabisa: *Ik heb gisteren een vrouw ontmoet die in Gent woont.* Kitenzi *ontmoet* kimeingia katikati ya *vrouw* na *die*. Ni kawaida kabisa, na ukiandika hivyo sentensi yako hupumua.

Mkato hubadilisha maana pia. *De studenten die hard werkten, zijn geslaagd*: waliofaulu ni wale tu waliofanya bidii. *De studenten, die hard werkten, zijn geslaagd*: wote walifanya bidii na wote wamefaulu. Kabla ya kuuweka mkato wa kwanza, jiulize unawatenga baadhi au unawaeleza wote.

Lipo jambo moja ambalo sarufi ya Kiholanzi haitakuokoa. Siku moja kazini nilikuta karatasi mezani: *de klant die mijn collega heeft gebeld*. Nikaelewa kwamba mteja alimpigia simu mwenzangu, kwa hiyo nikangoja mwenzangu ashughulike. Aliyeandika alimaanisha mwenzangu ndiye aliyempigia mteja, na mteja alikuwa anangoja jibu kutoka kwangu. Siku mbili zilipotea. Maneno yaleyale yanabeba maana zote mbili, kwa kuwa *die* inaweza kuwa mtenda au mtendwa, na kitenzi cha mwisho hakisemi. Kiswahili nacho kina ufa huo: "mteja aliyempigia mwenzangu" ni nani aliyempigia nani? Sisi tunauziba kwa *ambaye*: "mteja ambaye mwenzangu alimpigia". Waholanzi huuziba kwa kutumia umbo la kutendwa: *de klant die door mijn collega is gebeld*. Majina mawili ya watu yakikaa ndani ya kishazi kimoja, tumia *door*, hasa kwenye ujumbe wa kazi, wa hospitali au wa shule ya mtoto.

Namna ya kufanya mazoezi

Andika sentensi mbili fupi zinazoshiriki nomino moja: *Ik zoek een huis. Het huis heeft een tuin.* Tambua kundi la nomino, *het*. Futa nomino ya pili, weka *dat*. Sukuma kitenzi mwisho: *Ik zoek een huis dat een tuin heeft.* Kisha ibadilishe sentensi hiyohiyo mara nne: iwe wingi (*huizen die een tuin hebben*), iwe na kisaidizi (*een huis dat een tuin moet hebben*), iwe kanusho (*een huis dat geen tuin heeft*), iwe na kihusishi (*een huis waarin mijn kinderen kunnen spelen*). Sentensi tano kwa siku, zilizoandikwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti, kuhusu mambo yako halisi: chumba unachotafuta, kazi unayoingojea, mwalimu unayemsikiliza. Ukishamaliza, pitia tena ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, upigie mstari kitenzi cha kila kishazi rejeshi, na uangalie kama kuna yambwa yoyote iliyobaki nyuma yake.